Matanga Yasiyoanuliwa

Msiba wa kwetu Mikindani, Mtwara, una utaratibu wake. Mtu akifariki alfajiri, jua halijapanda mikeka imeshatandikwa nje, jeneza limeshafuatwa msikitini na vijana wako makaburini na majembe. Wanawake wako ndani na maiti, wanaume wako barazani. Kila aingiaye husema makiwa, akajibiwa tunayo, akatafuta pa kukaa. Siku ya tatu inasomwa hitima, matanga yanaanuliwa, na kama aliyefiwa ni mke basi anabaki na eda yake. Sisemi kwamba huzuni huisha siku hiyo. Lakini mtaa mzima unakuwa umeshuhudia kwamba fulani amekufa, umejua kilichomuua, na umemsindikiza mpaka alipolazwa.

Familia ya Agnes Wanjiru haikupata hata kimoja katika hivyo kwa wakati wake. Alikuwa na miaka 21 na mtoto mchanga wa miezi mitano. Usiku wa 31 Machi 2012 alitoka na wenzake kwenda hotelini Nanyuki, mji wa Kenya ambako jeshi la Uingereza lina kambi ya mafunzo, na mara ya mwisho alionekana akiwa na askari wa jeshi hilo. Zaidi ya miezi miwili ikapita. Mwezi Juni mwili wake ukakutwa ndani ya tangi la maji machafu la hoteli ileile. Wakati huo kikosi kilikuwa kimeshamaliza mafunzo yake na kurudi kwao. Uchunguzi wa mahakama ulifika tamati mwaka 2019, hakimu akasema aliuawa, na kwamba waliohusika ni askari wa Uingereza. Hati ya kumkamata mtuhumiwa ikatolewa na Mahakama Kuu ya Kenya Septemba 2025. Yule mtoto wa miezi mitano alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa.

Miaka 13 na zaidi. Nani awezaye kukaa mkekani muda wote huo? Majirani huja, hunywa kahawa, huondoka, ndivyo ilivyo. Mwenye msiba hubaki na kesi. Kila mwandishi wa habari anayebisha hodi analifukua kaburi upya, na bado mwenye msiba anamfungulia, maana akimfukuza huyo hatakuja mwingine.

Askari aliye ugenini ana tarehe ya kuondoka. Hilo ndilo linalomtofautisha na mhalifu wa mtaani, ambaye hata akikimbia ana mama, ana shamba, ana siku atakayorudi kuzika mtu wake na kukamatwa. Askari wa kigeni hukunja hema, hupanda ndege, na sheria inayomhusu hupanda naye.

Sisi wa Mikindani tungepaswa kulijua hili zaidi ya wengine, kwa kuwa tunalitazama kila siku kutoka barabarani. Boma jeupe lililo juu ya mji lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, miaka mitano baada ya kamanda wao, Wissmann, kuuteka mwambao wa kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, Mei 1890. Bunduki zilizoshuka merikebuni hazikubebwa na Wajerumani peke yao. Wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikwa Cairo, na wengine vijana waliochukuliwa Msumbiji. Wageni waliamriwa na wageni kuwapiga wenyeji. Sasa boma ni hoteli. Limekarabatiwa vizuri, kwa juhudi za shirika la hisani kutoka Uingereza, na mgeni akikaa kibarazani huiona ghuba yote na minazi yake. Sina ugomvi na hoteli. Imewapa vijana wetu kazi, na jengo lingekwisha kuanguka. Ila waliolazwa kifudifudi zama za Wajerumani wakapigwa hamsa ishirini hawana orodha mahali popote. Machemba, mkubwa wa Wayao wa nyanda za juu za Makonde aliyekataa kumnyenyekea Wissmann, tunamkumbuka kwa sababu barua yake ya Kiswahili ilifika mikononi mwa Wajerumani nao wakaitunza. Mwaka 1899 akavuka mto Ruvuma kuwakimbia. Ambao hawakuandika barua, wakachomewa ghala na kuchukuliwa mabinti, wamekwenda na habari zao. Mwaka 1916 Wareno wakavuka kutoka kusini mpaka Newala, Waingereza wakaingia kwa upande wa pwani, na kila jeshi lilipopita likachukua muhogo na wapagazi. Kwa wenye muhogo, bendera haikuleta tofauti kubwa.

Hadi hapa ni rahisi kuandika. Anayeonewa ni sisi, anayeonea ni mtu wa mbali.

Nenda Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Huko yapo makaburi ya mashujaa, vijana wa JWTZ waliokufa Msumbiji, wamelala kwa safu kama walivyozoea kusimama gwaride. Serikali haikuwasahau. Kila tarehe 25 Julai taifa lina Siku ya Mashujaa: Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, wazee nao huweka silaha zao za jadi, tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya. Ninaiheshimu siku hiyo. Wale 15 waliouawa kambini Semuliki, mashariki ya Kongo, usiku wa 7 Desemba 2017, walikufa wakilinda watu wasiowajua, na hilo si jambo dogo.

Lakini wakati wengine wanakufa kwa ajili ya wanakijiji, wapo ambao wanakijiji hao wanawaogopa. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza tuhuma 11 za unyanyasaji wa kingono dhidi ya askari wa Tanzania katika kijiji cha Mavivi, karibu na Beni. Baadhi ya waliotajwa kudhulumiwa walikuwa wasichana wadogo, na kulikuwa na madai ya watoto waliozaliwa. Juni 2023, safari hii Jamhuri ya Afrika ya Kati, kikosi kizima cha Watanzania 60 kikaondolewa kambini na kuamriwa kurudi nyumbani baada ya uchunguzi wa awali kuonyesha ushahidi kwamba 11 kati yao waliwadhulumu watu wanne. Kwa taratibu za Umoja wa Mataifa, mwenye mamlaka ya kumshtaki askari mlinda amani ni nchi iliyomtuma. Matokeo ni yaleyale yaliyotuudhi kule Nanyuki: mtuhumiwa hurudi kwao, na aliyedhulumiwa hubaki kwake.

Habari zile zilipotoka hatukuzungumza sana. Jeshi letu ni la watoto wetu. Katika mitaa ya Mtwara, kama ilivyo kwingi nchini, ipo nyumba ya bati jipya na madirisha ya alumini ambayo kila mtu anajua ilijengwa kwa posho ya misheni. Mwenye nyumba hiyo ni kaka wa mtu, na huenda ni mtu mwema kabisa. Wengi wao ni wema. Ndiyo maana tukasema samaki mmoja akioza, tukanyamaza. Mithali hiyo ikikatwa nusu inatufaa sana sisi wenye samaki. Msichana wa Mavivi haimsaidii.

Ruvuma yenyewe imeliweka jambo hili karibu zaidi. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka wakashambulia Kitaya, kijiji cha upande wetu, wakaua na kuchoma. Julai 2021 jeshi la SADC likaingia Msumbiji, Watanzania wakiwamo, na likakaa mpaka 2024. Januari 2023 ikasambaa video ya watu waliovaa sare za jeshi wakitupa maiti kwenye moto. SADC ikasema itachunguza. Familia nyingi za huku zina ndugu Nangade, Palma na Mocímboa da Praia. Kimakonde hakijui mpaka. Mwanamke aliyekimbia mapanga anamhitaji mwenye bunduki aliyesimama njiani. Akidhulumiwa na huyohuyo, atakwenda kushitaki wapi, na usiku unaofuata nani atalinda kijiji? Anayelindwa hulalamika kwa sauti ndogo, kisha wakubwa husema hawajapokea malalamiko.

Waganda wanayo kumbukumbu yao. Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978, askari wake wakaua na kupora, na hatujawasamehe. Tulipoingia Kampala Aprili 1979 tulipokewa kwa vigelegele. Tukakaa mpaka 1981, na vigelegele vilikuwa vimeshanyamaza zamani. Askari wa ukombozi akikaa sana huanza kuhesabiwa kuku.

Mtoto aliyezaliwa Mavivi wakati wa tuhuma zile sasa yuko shule ya msingi. Kiswahili anakijua, ndiyo lugha ya soko la Beni. Kama madai ya mama yake ni ya kweli, ana bibi upande huu, labda Tabora, labda Musoma, labda hapa Mikindani, ambaye hajaambiwa kwamba ana mjukuu. Waliopigwa bomani hatuwezi tena kuwatafuta, hata tungetaka. Lakini askari wa leo ana namba, ana faili, ana tarehe aliyoingia kambini na tarehe aliyotoka, na wapo maofisa wanaojua alikuwa zamu kilima gani mwezi gani. Kumpata ni kazi ya wiki moja, kama yupo anayetaka apatikane.