Kiti cha Mtu Mrefu

Mlangoni mwa nyumba ninayopanga Gudele, hapa Juba, kuna jiwe. Kwa miaka miwili nililikanyaga kila asubuhi ili nipande baiskeli. Nikifika shuleni niliteremka kwa kuruka, kama mtu anayeshuka ukutani, kisha nikasimama nimeinama, nakung'uta vumbi la suruali hata kama halikuwepo, ili wanafunzi wasijue kwamba mwalimu wao hawezi kunyooka.

Baiskeli hiyo nilipewa. Mwenzangu wa chumba cha walimu, Mdinka wa Bor aliyebakiza sentimita chache tu kufika mita mbili, aliniachia alipohamia Kampala na familia yake. Ni ile nyeusi ya Kihindi yenye breki za vyuma, keria pana na tairi za inchi 28, ambayo kwetu Kenya tunaiita blakmamba. Aliponikabidhi alisema, "Ustaz, hii itakufikisha." Na imenifikisha kweli. Nauli ya senke, kama zinavyoitwa hapa Juba pikipiki za abiria, ilikuwa inapanda kila pauni ya Sudan Kusini ilipoporomoka, nao mshahara wa mwalimu haukuwa unaifuata. Bila zawadi ile ningekuwa natembea kwa miguu.

Maumivu yalianza mwezi wa tatu tangu nipewe baiskeli, chini ya mgongo, upande wa kulia zaidi. Nililaumu barabara. Juba inakupa kila sababu ya kufanya hivyo: lami inaisha ghafla, unaingia kwenye udongo uliochimbwa na mvua za Aprili hadi Oktoba, ukakauka ukawa matuta. Nililaumu godoro, nikanunua jingine. Nililaumu umri, maana nilikuwa nimefikisha miaka 43. Duka moja la dawa liliniuzia vidonge vya kutuliza maumivu mwezi baada ya mwezi, wala hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani au ninasafiri vipi. Hata mimi sikujiuliza.

Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Nilikaa ndani, baiskeli imeegemea ukuta, na kufikia wiki ya pili mgongo ulikuwa umenyamaza. Nikamshukuru Mungu, nikasema ni mapumziko. Shule zilipofunguliwa, siku ya nne tu maumivu yalirudi palepale yalipokuwa, kama mpangaji aliyekwenda kwao kusalimia. Bado sikuishuku baiskeli. Ilikuwa zawadi ya mtu niliyempenda, na ni vigumu kushuku zawadi.

Aliyeishuku ni fundi. Ana kibanda chake chini ya mwarobaini, si mbali na soko la Konyo Konyo. Ni mzee wa kabila la Wakuku wa Kajo-Keji, aliyeishi ukimbizini Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Nilimpelekea breki. Akazitengeneza, nikamlipa, nikapanda niondoke. Sijafika mbali akaniita.

"Ustaz, rudi. Nenda tena mpaka kwenye ule mwembe. Usigeuke nyuma."

Nikaenda, nikarudi.

"Kiuno chako kinayumba kama mtumbwi. Nani alikufungia kiti hiki?"

Nikamweleza habari za rafiki yangu. Mzee akauliza neno moja tu: "Mrefu?"

Nilisimama pale juani nikiwa sina la kujibu. Miaka miwili nilikuwa nimekalia kipimo cha miguu ya mtu mwingine. Bomba la kiti lilikuwa limepandishwa hadi mwisho kwa ajili ya mwanamume wa karibu mita mbili, nati ikashika kutu hapohapo, na mimi wa mita moja na sentimita sabini nikalitafutia jiwe la kukanyagia. Nilikuwa nimetafuta ufumbuzi wa kupanda, nikadhani nimemaliza tatizo.

Mzee aliniambia nimshike bega, nikae kitini, nikanyage pedali ya chini kwa kisigino. Kisigino hakikufika, kilining'inia juu ya pedali vidole vinne hivi. Ndicho kipimo chake, na wala si chake peke yake, maana mafundi wa dunia nzima wanakitumia. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyoshuka kabisa, mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, sehemu pana nyuma ya vidole ikakaa kwenye pedali, goti linabaki limekunjika kidogo, na huo mkunjo mdogo ndio unaouokoa mgongo. Kiti kikiwa juu mno, kila mguu unaifukuza pedali chini, nyonga inateremka kuufuata, na misuli ya chini ya mgongo inavutwa, kushoto, kulia, kushoto. Baadaye nilipiga hesabu. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi ni mizunguko 3,600. Kila mzunguko una miteremko miwili ya nyonga. Mgongo wangu ulikuwa unavutwa mara 7,200 kila siku ya kazi, halafu usiku nalaumu godoro.

Akamwaga mafuta ya taa kwenye nati, tukanywa chai huku tukisubiri kutu ilegee. Akaizungusha kwa spana, akashusha kiti. Kisha akachukua chupa ya maji iliyojaa nusu, akailaza juu ya kiti. Maji yalikimbilia nyuma. Pua ya kiti ilikuwa imeelekea juu, na nyonga yangu, ikilazimishwa kurudi nyuma, ilikuwa inakunja mgongo kama upinde. Akailegeza mpaka maji yakatulia katikati, halafu akaishusha pua unywele mmoja zaidi. Nilikuja kusoma kwamba madaktari wa Israeli walichapisha mwaka 1999 utafiti juu ya jambo hilohilo: waliinamisha pua za viti vya waendesha baiskeli waliokuwa wakiumwa mgongo, na zaidi ya asilimia 70 wakapata nafuu kubwa. Mzee wa Konyo Konyo hakuwasoma. Alikuwa na chupa ya maji.

Mwisho akapandisha usukani vidole viwili, akinionyesha kwamba shingo yake lazima ibaki imezama vya kutosha ndani ya fremu, la sivyo siku moja itakatika njiani. Na akanionya nisitegemee muujiza wa usiku mmoja. "Shwaya shwaya," alisema, yaani polepole, kwa kuwa misuli iliyozoea kukaa vibaya itauona ukaaji mzuri kuwa mgeni. Kweli, wiki ya kwanza magoti yalilalamika. Ya tatu nilifika shuleni, nikashuka, nikaingia darasani, na nilikuwa nimeshaandika tarehe ubaoni ndipo nilipogundua kwamba sikushika kiuno.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Kwa walio wengi, kama tisa katika kila kumi, hakuna ugonjwa maalumu unaoonekana. Nilipoisoma takwimu hiyo nilimkumbuka mtu mmoja kati yao, baba yangu.

Baba alibeba abiria kwa baiskeli Busia tangu miaka ya 1980, zama za boda boda halisi, kabla pikipiki hazijarithi jina. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani hapo, wenye baiskeli wakiita "boda, boda" kuwatafuta abiria wa kuvushwa kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Jioni alijilaza kifudifudi kwenye mkeka, nasi watoto tulipanda mgongoni mwake kwa zamu, tukimkanyaga kwa nyayo zetu ndogo hadi apate usingizi. Tulidhani ni mchezo. Watu wa mtaani walimsifu: mzee yule ni mvumilivu, mgongo unamuuma na hakosi kazini hata siku moja.

Desemba nilipokwenda kwetu nilimkuta ameketi nje, mgongo umepinda. Baiskeli yake imetundikwa stoo hadi leo. Niliishusha nikaipima: kiti kilikuwa chini mno kwake, chini kwa zaidi ya shubiri. Nilitoka na spana mkononi na somo langu tayari, nikamweleza juu ya kisigino na chupa ya maji. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nilijua. Mama mjamzito akikaa nyuma, miguu yangu miwili sharti ifike chini tukisimama. Kiti kile hakikuwa changu, kilikuwa cha abiria."

Niliirudisha spana stoo.

Nimerudi Juba na jibu hilo, na limebadilisha niliyokuwa nikiyawaza. Yapo maumivu ambayo mtu ameyanunua akiwa macho, kwa bei anayoijua, ili wanawe wasome. Baba aliyalipia mgongo, nami ni mwalimu kwa malipo hayo. Na yapo maumivu yasiyomfaidi mtu yeyote. Yangu yalikuwa ya namna hii ya pili. Hakuna aliyepata kitu kwa mimi kukalia kiti cha mtu mrefu. Sisi tumezoea kuyaita yote mawili uvumilivu, tukayapa sifa moja, na ninaamini hilo ni kosa kubwa tunalowafundisha watoto. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini kwanza atazame kama mti anaouvumilia ni wa matunda.

Hata mabingwa wa mbio za baiskeli hawakuona aibu kurekebisha viti vyao. Eddy Merckx wa Ubelgiji alianguka Septemba 1969 katika mashindano ya uwanjani huko Blois, Ufaransa. Fernand Wambst, aliyekuwa akimtangulia kwa pikipiki, alipoteza maisha. Merckx aliumia uti wa mgongo na nyonga ikapinda. Alishinda Tour de France mara nne nyingine baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote hakuacha kupandisha na kushusha kiti chake, hata akiwa njiani. Mtu yule hakukosa ushupavu. Alikuwa nao tele, na bado alitembea na kifaa cha kulegezea nati.

Ninayoyasema yana mpaka, na lazima niutaje. Maumivu yakishuka mguuni, mguu ukifa ganzi au kuishiwa nguvu, au ukishindwa kuuzuia mkojo, hiyo si kazi ya fundi wa chini ya mwarobaini. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kama ni maumivu yanayokuja na safari na kuondoka na likizo, mwombe mtu asimame nyuma yako akutazame unavyoendesha. Peke yako hutaweza. Hakuna aliyewahi kuuona mgongo wake ukifanya kazi. Mimi nilihitaji macho ya mtu niliyempelekea breki.

Kijana anayetuletea maji mtaani kwetu ana miaka kama kumi na saba na bado anarefuka. Baiskeli ni ya mjomba wake. Akirudi na madumu matupu, alikuwa anaendesha magoti yakikaribia kugusa kifua, kwa sababu kiti kilikuwa kimefungwa chini kabisa tangu baiskeli iliponunuliwa. Jumamosi iliyopita nilimpeleka kwa mzee, kiti kikapanda vidole vitatu. Mzigo haukupungua: madumu sita ya lita 20 ni kilo 120, na hakuna spana ya kupunguza hizo. Ila kiti kinawezekana. Nawaomba wenye baiskeli za maji na za makaa hapa Juba, mnaowakabidhi vijana kila alfajiri: kabla hamjawafungia mzigo, wapimieni kiti. Ni kazi ya dakika tano.