Niliita Moto Juu ya Mtu Ninayemjua

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, nilikwenda mkesha. Haikuwa mara ya kwanza. Mimi ni mtoto wa kilokole, mikesha nimeanza nikiwa nabebwa mgongoni. Tulikuwa kama watu 60 kwenye darasa moja kubwa, viti tumevisukuma ukutani. Saa nane usiku kiongozi wa maombi akasema ameonyeshwa madhabahu nyuma ya mgombea mmoja. Hakutaja jina. Alisema tu anatoka mkoa "unaojulikana". Wagombea wa urais walikuwa watatu, na mmoja tu alitoka Sumbawanga. Nani alihitaji jina?

Tukasimama. Tukafunga, tukang'oa, tukabomoa, tukaita moto. Na mimi niliita, tena kwa nguvu, mpaka sauti ikakauka.

Shida ni kwamba yule dada nilikuwa namjua. Tulikuwa semina moja ya Saikolojia ya Elimu. Bumu langu lilipochelewa muhula wa kwanza, ndiye aliyenilipia wali maharage karibu wiki nzima na hakuniandika popote. Asubuhi ile nikamkuta kantini, ametoka misa ya kwanza. Akanivutia kiti. "Mbona sauti imekukauka, shoga? Kunywa chai ya tangawizi." Akailipia na hiyo. Nikanywa, sikumwambia kitu.

Uchaguzi ukapita, akashindwa. Wala sisemi alishindwa kwa sababu ya maombi yetu. Ila ile wiki ya mwisho niliona watu wakimpisha kwenye korido kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na nilijua habari ile ilianzia wapi.

Niliishi na jambo hilo mwaka mzima bila kulipatia jina. Nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na mwaka huu tulipewa asaimenti ya dini na siasa, kila mtu achague nchi. Nikachagua Marekani kwa sababu ya klipu moja niliyoiona nikiwa Kidato cha Nne. Huenda na wewe uliiona. Ni Novemba 2020, kura za Trump na Biden zinahesabiwa, na mchungaji Paula White, mshauri wa kiroho wa Trump, anatembea madhabahuni huko Florida akiomba. Ananena kwa lugha, anarudia "piga" mara nyingi, halafu anasema malaika wanatumwa kutoka Afrika kuja kusaidia. Nyumbani tulicheka sana. Mama mdogo akasema, "Sisi tumepiga kura tarehe 28 Oktoba. Hao malaika wetu hata kupumzika hawajapumzika, washaitwa Marekani?" Lakini kusema kweli moyoni nilijisikia fahari kidogo. Afrika ilikuwa imetajwa.

Nilipoanza kusoma, kicheko kikaisha. Lugha ile ilikuwa na mwalimu wake. Peter Wagner aliwahi kuwa mmisionari Bolivia, kisha akafundisha seminari ya Fuller kule California. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 alieneza mafundisho kwamba kuna mapepo yanayotawala maeneo: mji huu una lake, mkoa ule una lake, na kazi ya waombaji ni kulitambua na kuling'oa. Wenzake wakafika mpaka kuchora ramani za kiroho za miji. Niliposoma hapo nikaweka kalamu chini. Mkoa unaojulikana. Nilidhani ule usemi ni wa kwetu, wa utani wa Sumbawanga na wa bibi zetu. Kumbe utani wetu ulikuwa umekutana na mafundisho yenye vitabu na semina, ukavalishwa suti.

Na tusijifanye tulikuwa wapokeaji tu. Video ya mwaka 1999 iitwayo Transformations, ya Mmarekani George Otis Jr., ilizunguka makanisa mengi duniani, na sehemu moja ilihusu Kiambu, Kenya. Ilisimulia jinsi mchungaji Thomas Muthee na waombaji wake walivyopambana na mwanamke mmoja aliyedaiwa kuwa mchawi mpaka akahama mji, na mji ukastawi. Wamarekani wakaipenda hadithi hiyo. Mwaka 2005 Muthee alialikwa kanisa moja la Wasilla, Alaska, akamwekea mikono mwanasiasa aliyekuwa anagombea ugavana, akamwomba Mungu amlinde na uchawi. Mwanasiasa huyo alikuwa Sarah Palin. Akashinda ugavana 2006, na 2008 akawa mgombea mwenza wa John McCain. Yaani tumepelekeana, wao na sisi. Katika kupelekeana huko nilijiuliza kuhusu mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwekea mikono: yule mama wa Kiambu. Je, kweli alihama? Aliishije baada ya hapo? Video ilimhitaji aondoke tu.

Kuna fundisho jingine, la milima saba: dini, familia, elimu, serikali, habari, sanaa na biashara. Anayekalia vilele anaongoza taifa. Lance Wallnau amelihubiri sana, na ndiye aliyemfananisha Trump na Koreshi, mfalme asiyemjua Mungu lakini anayetumiwa na Mungu. Sasa, kama mgombea wako ni Koreshi, mpinzani wake atakuwa nani? Kamala Harris aliitwa Yezebeli. Baada ya mdahalo wake na Trump Septemba 2024, Wallnau alisema kilichoonekana pale ni uchawi. Mwezi huohuo J. D. Vance, mgombea mwenza wa Trump, alipanda kwenye jukwaa la ziara yake kule Pennsylvania.

Na katikati ya hayo kuna tarehe 6 Januari 2021. Mwezi mmoja kabla, watu walikuwa wamezunguka majengo ya serikali Washington kama Waisraeli walivyozunguka Yeriko, wakipuliza pembe za kondoo. Siku yenyewe pembe zilikuwepo tena, na bendera nyeupe yenye msonobari wa kijani, bendera ya zamani ya vita vya uhuru wao ambayo mhubiri Dutch Sheets aliieneza upya kama alama ya maombi. Polisi takribani 140 walijeruhiwa. Kuna waliobaki nje wakiomba tu, na kuna waliovunja milango. Siwezi kuwaweka wote kapu moja. Wachungaji wengi wa Marekani, wakiwemo wa kipentekoste, walilaani siku ile. Lakini kama umeambiwa kwa miezi kwamba upande wa pili ni kuzimu, matokeo yanayosema upande wa pili umeshinda utayapokeaje?

Hapo ndipo nilipopata jina la kilichonisumbua. Uchaguzi, wa bunge la Marekani au wa serikali yetu ya wanafunzi, unasimama juu ya kitu kimoja kidogo: kwamba mwenzangu anaweza kunishinda na asiwe mwizi wala mchawi. Ukishamgeuza kuwa madhabahu, hutamuuliza tena maswali. Yule dada alikuwa na sera ya kutaka fedha za umoja zibandikwe ubaoni kila mwezi. Unajua kwamba mimi, niliyemwombea moto, sikuwahi kuisoma karatasi yake? Ningeisoma ya nini? Jibu nilishapewa saa nane usiku.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba andiko tulilolisimamia usiku ule, Waefeso sura ya 6, linasema kinyume kabisa. Paulo anawaambia wazi kwamba vita vyao si dhidi ya binadamu. Sisi tulianza na andiko hilo na dakika kumi baadaye tukamfikia binadamu, tena mwenye mkoa.

Sijaacha kuomba. Mikesha bado naenda, na kuna usiku ambao maombi ya vita ndiyo yaliyomsimamisha mama yangu alipokuwa mgonjwa na fedha ya vipimo hatuna. Sitamdharau mtu anayelia usiku. Ila mwakani naingia darasani na chaki, na elimu ni mmoja wa ile milima. Nikiingia nikiamini kuna watoto waliotoka mikoa yenye madhabahu, Mungu awasaidie watoto hao.

Uchaguzi wetu unakaribia tena. Nilimfuata kiongozi wa maombi, nikamwambia, "Kaka, tuuombee uchaguzi, lakini tuwataje wagombea wote kwa majina, na tuwaalike waje tukiwaombea." Alinyamaza kidogo, akasema ataliombea hilo jambo. Bado nasubiri.

Na mwezi uliopita nilimwambia yule dada. Tulikuwa kantini ileile. Nilimweleza yote, hata sehemu ya sauti kukauka. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Mnajua kwamba babu yangu ni katekista?" Nikasema hatukujua. "Na wewe uliitikia?" Nikasema niliitikia. Akamaliza chai yake, akaniambia ana kipindi, akaondoka. Safari hii nililipa mimi.

Hajasema kama amenisamehe, na sijamuuliza. Juzi alinitumia ujumbe kuuliza kama semina ni saa nne au saa tano. Nikamjibu ni saa nne, na nitamshikia kiti.