Kasuku Aliyepita Mikono Mingi

Kasuku anapofikishwa kwangu Hasamba, hapa Vwawa, mara nyingi ameshapita nyumba tatu au nne, na aliyemleta ana maneno yaleyale: "Bwana mifugo, huyu ndege ana kichaa." Tundu linakuwa limefunikwa kanga na kufungwa kamba ya katani. Analiweka chini, anarudi nyuma. Mimi siharakishi kufunua. Nasikiliza kwanza. Kasuku wa kijivu aliyenaswa msituni ananguruma. Sauti inatoka kifuani, nzito, ya kukwaruza, inakwenda mpaka pumzi inamwishia, anavuta nyingine, anaanza upya. Watu huichukulia kuwa hasira, wengine mashetani. Ni woga mtupu, na anayeuita kichaa hatafika naye popote.

Kazi inayonilisha ni ng'ombe, nguruwe na kuku wenye kideri. Kasuku wameletwa na barabara. Vwawa iko kwenye njia kuu ya kwenda Zambia, na malori ya mizigo ya Kongo yanapita usiku na mchana kuelekea Tunduma na kurudi. Kasuku wa kijivu hazaliwi mkoani kwetu Songwe. Kwa Tanzania nzima, porini yupo pembe ya kaskazini magharibi tu, upande wa Kagera, tena wachache. Wanaofika kwetu ni wa misitu ya Kongo. Wanateremshwa mpaka Lubumbashi, wanavuka Kasumbalesa, wanakatiza Zambia, wanaingia Nakonde, halafu Tunduma, nyuma ya kiti cha dereva, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Kutoka hapo ndege anauzwa baa, baa inamchoka inamuuzia mwenye gesti, gesti inampa shemeji wa Mlowo, shemeji anahamishwa kikazi. Hesabu hiyo hakuna anayeiandika, ila ndege anayo.

Mnunuzi haoni kilichotangulia. Wategaji hupaka ulimbo kwenye matawi na kumfunga kasuku mmoja hai awaite wenzake. Wanaotua wananasa miguu na mabawa. Wanabanduliwa kwa mkono, manyoya ya kurukia yanakatwa au kung'olewa, wanarundikwa kwenye kapu. Watafiti waliofuatilia biashara hii Nigeria walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya ndege hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa hiyo huyo mmoja anayesema "hujambo" sebuleni ameona wenzake wakifa pembeni yake. Mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, zilimpandisha kasuku wa kijivu kwenye daraja la ulinzi wa juu kabisa, na biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Marufuku ipo. Maboksi ya sabuni nayo yapo.

Nikishafunua kanga natazama jicho. Kinda ana jicho la giza, kisha linakuwa kijivu, na akikomaa linageuka manjano hafifu. Muuzaji akikwambia "ni mtoto huyu, atakuzoea" na jicho ni la manjano, ujue anakuuzia ndege mzima mwenye kumbukumbu zake. Halafu natazama bawa. Unyoya uliong'olewa huota mapema. Uliokatwa haukui: kigutu lazima kisubiri msimu wa kunyonyoka ndipo kidondoke na mpya uchipuke, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi. Kwa muda wote huo akishtuka anaanguka kama jiwe, anapasua ngozi ya kifua. Kila akianguka anajifunza kwamba mahali hapa si salama, na wewe uliyesimama karibu unaingia kwenye kumbukumbu hiyo.

Natazama pia unga. Kasuku wa kijivu mwenye afya hutoa vumbi jeupe laini linalobaki kwenye kila kitu anachogusa. Mdomo ukiwa unang'aa, mweusi tii, bila vumbi, naanza kuhofia ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya, na hapo hakaribii ndege mwingine yeyote. Mwisho nampima kwa mizani ya jikoni, kijiti kikiwa kimewekwa juu yake. Gramu mia nne na kitu, sawa. Akiwa mia tatu na ushee, maneno ya kuzoeana tunayaweka pembeni, tunapigania uhai. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu ya kuficha imwishie. Ukimwona amejikunyata chini ya tundu, amefutuka manyoya, umechelewa sana. Mizani husema kabla yake.

Chakula ndicho kinachowaua wengi huku kwetu, na wanaowalisha wanawapenda. Mbegu za alizeti asubuhi mpaka jioni. Chipsi. Wali. Baa wanamnywesha bia ili wateja wacheke. Kasuku wa kijivu huishiwa kalsiamu upesi kuliko kasuku wengi, na mwisho wake ni kifafa: anakaza miguu, anaanguka kutoka kwenye kijiti, watu wanasema amelogwa. Mimi nawapa mchicha, boga, karoti, papai, mahindi mabichi, yai la kuchemsha na ganda lake lililosagwa. Chikichi naagiza Kyela, kwa sababu ndicho chakula cha msituni kwao, na nimeona ndege aliyekataa kila kitu akinyoosha shingo kwa chikichi.

Parachichi nalitaja peke yake. Mkoa huu na jirani zetu wa Rungwe tunalima parachichi, kila nyumba inalo. Kwa kasuku ni sumu. Familia moja ya hapa mjini, watu wema kabisa, walimkatia ndege wao kipande mchana wakila wote pamoja. Jioni walinipigia simu kwamba anahema kwa kufungua mdomo. Nilimkuta hai. Hakuna dawa ya kuliondoa lile. Unampa joto na utulivu, unangoja. Hakufika asubuhi. Mtoto wao aliniuliza mbona yeye alikula na yu mzima, na sikuwa na jibu la kumtuliza.

Kingine ni jiko la mkaa. Juni na Julai wilayani kwetu Mbozi kuna baridi ya kweli, watu wanaingiza jiko ndani na kufunga madirisha, tundu likiwa juu ya kabati. Mapafu ya ndege hayastahimili moshi huo. Na tundu lenyewe, likiwa la waya mpya wenye zinki, lisuguliwe kwa brashi na siki kabla ya kumwingiza, maana kasuku hutafuna waya kutwa.

Sasa huo uaminifu ambao kila mtu anauliza unapatikanaje. Watu wanataka mbinu. Wanataka waambiwe wiki ngapi. Ninachofanya mimi hakina mvuto wa kutazama: tundu nalipandisha lifike usawa wa macho, upande mmoja ukiegemea ukuta ili asiwe na hofu ya pande zote. Nakaa mbali naye, ubavu ubavu, simkazii macho, maana kinachokukazia macho msituni kinataka kukula. Nakula muhogo wangu, najaza daftari la chanjo. Nikiona ameanza kunguruma, nimekaribia mno, narudi nyuma hatua moja na kubaki hapo. Kesho yake kiti kinakaa palepale. Glavu sivai, kwa sababu wengine wameshikwa kwa glavu na hawasahau. Ikinilazimu kumshika kwa matibabu, natumia taulo, na namwomba kijana wangu amshike yeye, ili mkono unaoleta chikichi usiwe mkono uleule unaokamata.

Dalili ni ndogo na mgeni hazioni. Siku anapokula mbele yako. Siku anapochambua manyoya ukiwa chumbani, kwa sababu ndege mwenye hofu hawezi kuzamisha kichwa bawani. Siku anaposimama kwa mguu mmoja. Jioni ukimsikia anasaga mdomo taratibu kabla ya kulala, hiyo ni kubwa kuliko "hujambo" mia. Neno hutoka hata kwa ndege mwenye dhiki. Wapo wanaoongea kutwa huku wamejinyonyoa kifua chote.

Nilikuwa na mmoja wa namna hiyo, ametoka gesti ya Tunduma. Alijua mlio wa lori linalorudi nyuma, na usiku alikuwa akiita "Dada, fungua!" kwa sauti ya mwanamume mpaka jirani yangu akatoka na tochi. Kifua chake kilikuwa ngozi tupu, kama kuku wa kuchomwa. Ilipita masika na kiangazi ndipo akaanza kushuka kijiti kuja mlangoni nikiingia. Manyoya membamba ya kijivu yakachipua, akayaacha. Akafika kupokea kokwa mkononi, akilivuta kwa ncha ya mdomo bila kunigusa.

Mwenye ndege akasikia amepona. Nilimweleza kwamba hajapona, ameanza. Na kwamba kibali hana. Alimchukua. Baadaye nikaambiwa ameuzwa kwa mtu mwingine, na aliporudishwa Hasamba, safari hii kupitia ofisi ya wanyamapori, alikuwa amejinyonyoa mpaka mapajani na ameanza kutafuna nyama ya kifua chake. Ananguruma akisikia komeo la mlango. Kazi ile yote haikubaki hata chembe, tena tulikuwa chini ya pale tulipoanzia, kwa kuwa sasa alikuwa amejua kwamba hata mtu mpole humtoa.

Uaminifu huo ndio ninaouona ukivunjika kila mara. Ndege hashindwi. Anayeanza hashindwi pia, wengi wana subira kuliko wanavyojidhania. Kinachovunja ni kuhamishwa tena. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40, hata 60. Alex, yule aliyefundishwa na Irene Pepperberg kule Marekani, alitambua rangi, maumbo na idadi hadi sita, na mwalimu wake alikaa naye miaka 30 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Hapa mtu ananunua akili ya namna hiyo kama redio, ikimkera anaipitisha kwa mwingine.

Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009, kumweka bila kibali ni kosa, na wanaobaki kwangu wako kwa maandishi, wakisubiri uamuzi. Najua hofu ya kesi ndiyo inayowafanya watu wapitishane ndege gizani. Kenya, mwaka 2022, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza msamaha wa muda kwa wenye kasuku wa kijivu wasio na vibali wajitokeze. Natamani sana kuona jambo hilo likifanyika mpakani kwetu.

Ukiwa naye na umemchoka, usimfungulie dirisha. Bawa lililokatwa litamwangusha kwenye shamba la mahindi la kwanza, na akiwa na virusi atawaachia kasuku wetu wa porini. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mpeleke na kijiti chake kilekile, hata kama kimetafunwa. Andika kwenye karatasi anakula nini, anaitwa nani, analala saa ngapi, anaogopa ufagio au kofia, na nani ndani ya nyumba aliwahi kumsogelea bila yeye kunguruma. Kama ni mtoto, mtaje mtoto. Atakayempokea ataanzia hapo.