Mafuta yasiyo na jina katika soko la Lubudi

Leo sizungumzii bei ya unga wala barabara ya Fungurume. Nazungumzia ngozi yetu. Hapa kwetu mtaa wa Lubudi, jimbo la Lualaba, mafuta ya kujichubua yanauzwa kando ya nyanya na samaki wakavu. Mengine yanachotwa kwa kijiko toka beseni na kufungwa katika kifuko cha plastiki. Hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe, hakuna orodha ya vilivyomo.

Kazi yangu ni kuuliza. Nilipomuuliza muuzaji mmoja ndani mna nini, alicheka: “Kaka, ni ya kung'arisha. Wanunuzi hawaulizi.” Karibu naye alisimama mama mmoja aliyekimbia kwao na watoto. Alikuwa akimnunulia binti yake, kwa sababu ameambiwa kwamba msichana mweupe hupata mume upesi, na kazi katika maduka ya Kolwezi. Sikuweza kumlaumu. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba anatafuta mlango popote. Lakini mlango huu unaelekea hospitalini.

Vitu vitatu ndivyo vya kuogopa. Cha kwanza ni zebaki. Inaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na ni hatari zaidi kwa mwanamke mwenye mimba. Haibaki kwa anayejipaka tu: inashika taulo na shuka, inamfikia mtoto anayebebwa kifuani. Mkataba wa Minamata wa 2013 unakataza vipodozi vyenye zebaki. Cha pili ni hidrokinoni, ambayo Afrika Kusini iliikataza katika vipodozi mwaka 1990. Ikitumiwa muda mrefu, huacha madoa meusi ya buluu usoni, yale yale mtu aliyotaka kuyakimbia. Cha tatu ni dawa kali za ngozi kama klobetasoli, ambazo muganga huandika kwa siku chache. Zikipakwa miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, na vidonda vinachelewa kupona. Fikirieni mama anayepasuliwa ili ajifungue: ngozi ya namna hiyo haishiki nyuzi vizuri.

Kwa hiyo, soma karatasi kabla ya kutoa franka. Ukiona “mercure”, “calomel”, “Hg”, “hydroquinone” au “clobétasol”, rudisha. Usipoona kitu chochote kilichoandikwa, rudisha vilevile.

Tutumie nini basi? Mafuta meusi ya kokwa za mawese, ambayo mama zetu waliwapaka watoto, bado yapo. Mafuta ya karanga yapo. Kiangazi, toka mwezi wa tano, upepo na vumbi vinapopasua miguu na midomo, mafuta kidogo baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, yanasaidia vizuri. Hayabadilishi rangi ya mtu, nayo si kazi yake.

Ila nisiwadanganye: si kila cha asili ni salama. Ndimu ikipakwa usoni kisha ukaingia juani, inaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa. Mafuta yaliyooza, yenye harufu mbaya, tupa. Kitu kipya jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja. Na neno “asili” juu ya chupa si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kuliandika.

Dada ambaye ameshazoea mafuta makali asione haya. Wala asiache ghafla peke yake, maana ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Aende kituo cha afya na chupa yake mkononi, amwonyeshe muuguzi. Mwenye mimba au anayenyonyesha asingoje kesho.

Nawaomba pia wachungaji, walimu na wazazi tunaokaa kwenye vikao vya mahari. Tukiendelea kusema mbele ya mabinti kwamba mweupe ndiye mzuri, beseni lile halitakauka. Tuseme mengine. Binti aliyefika hapa na mzigo kichwani, akijifunza kushona au kusoma, tayari ana uso wa kutosha kutembea nao Kolwezi yote.