Wimbo wa Alfajiri

Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Itigi, unakatiza pori refu kabla ya kufika Tura. Pori hilo misafara ya zamani ililiita Mgunda Mkali. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857 akielekea Kazeh, yaani Tabora ya leo, aliandika kwamba Tura maana yake ni "tua". Tua mzigo, umefika Unyamwezi. Na mwisho wa njia hiyo, pwani, upo Bagamoyo, ambao wengi husema ni "bwaga moyo".

Mwaka jana nilikwenda Tura kumsalimia shangazi. Kwenye simu nilikuwa na *Maisha*, albamu ya The Zawose Queens iliyotolewa na Real World mwaka 2024. Waimbaji ni Pendo Zawose, binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah, mjukuu wake. Hukwe alitoka Ugogo akahamia Bagamoyo, na lebo hiyo hiyo ilitoa *Chibite* yake mwaka 1996. Wanawake wa familia ile walikuwepo miaka yote, ila nyuma: kuitikia na kucheza. Sasa wao ndio wanaoanzisha.

Shangazi alisikiliza nyimbo tatu huku akimenya karanga. Kigogo hajui. Akauliza, "Huyu anayeanzisha, hakuna aliyemkataza?"

"Nadhani alisubiri sana, shangazi."

"Inasikika."

Basi nikaona hapo hapo ndipo pa kuingilia. Nikatoa kinasa sauti. Kazi yangu ni uandishi wa habari. Nimewanasa mawaziri na wakulima wa tumbaku, sijawahi kumnasa mtu wa nyumbani. Akaimba za harusi, akaimba za kulima, akacheka alipokosea. Mimi nilikuwa nasubiri wimbo mmoja tu, alioutunga mwenyewe, niliokuwa nausikia alfajiri nikiwa mtoto, yeye akitwanga. Unahusu nini, hayo ni yake.

"Na ule wa alfajiri?"

Akaweka ungo chini. "Mwanangu, pale nilikuwa natwanga. Sikuwa naimba."

Nilinuna, nakiri. Kichwa cha makala nilishakitunga kwenye treni.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, nikamsikia anafagia uwanja. Kisha ule wimbo, kwa sauti ya chini, ukipita dirishani. Kinasa sauti kilikuwa pembeni ya mto. Nikakiwasha. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, nikakizima. Sekunde arobaini na moja.

Huwa tunasema wanawake hawa "wamenyimwa sauti", na mara nyingi ni kweli. Lakini Pendo na Leah walikwenda mbele ya maikrofoni kwa miguu yao, wakijua nani atasikiliza. Shangazi yangu naye alijua, akakataa. Nilichochukua dirishani hakifanani na albamu, hata kama sauti ni nzuri kuliko zote nilizowahi kunasa.

Sekunde zile bado ninazo. Sijazisikiliza, sijazifuta, na shangazi hajui. Desemba nitapanda treni tena. Nitamwekea azisikie, kisha nitampa kinasa sauti mkononi na kumwonyesha kitufe cha kufuta kilipo. Akikibonyeza, nitakuwa nimepoteza wimbo nilioupenda kuliko wote. Najitayarisha kwa hilo, na sijawa tayari.