Mbwa wa Mlinzi

Lugha ya Kiswahili haina jina lake yenyewe la mnyama yule wa nchi za baridi ambaye mbwa wote wametokana naye. Wafasiri wa Biblia walipomhitaji waliazima jina la mbwa-mwitu, mnyama mwingine kabisa, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, asiyeweza kuzaa na mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo mtu wa Shinyanga akiambiwa kwamba huko Ulaya wako watu waliomchanganya mbwa na mnyama huyo kwa makusudi, kama walivyoanza kufanya Chekoslovakia mwaka 1955, hucheka kwanza, kisha huuliza ni nani atakayemlisha. Swali lake la pili lina maana kuliko kicheko.

Mbwa aliyetumiwa katika mchanganyo huo ni mchungaji wa Kijerumani, ambaye jamii yake iliandikishwa mwaka 1899, na ambaye kwetu huitwa mbwa wa polisi. Mlinzi mmoja, aliyetumika miaka mingi katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, alirudi kwao, kando ya mji wa Shinyanga, akiwa na mmoja wa aina hiyo. Alimwita Askari. Uzito wake ulikuwa kilo 35, na manyoya yake yalikuwa ya tabaka mbili, vazi la theluji katika nchi ambayo ng'ombe wenyewe hutafuta kivuli kabla ya saa nne.

Mbwa wa Kisukuma hulala mlangoni, hula makombo, na hujua mambo yake. Askari hakuwa hivyo. Alitaka kutembezwa kabla ya jua kuchomoza. Akikosa, alichimba uani mpaka akafikia mizizi ya minyaa. Alitaka ugali na dagaa wa Ziwa Viktoria, na mifupa siku ya gulio. “Baba watoto,” mke alimwambia mumewe, “huyu anakula kama mwenye mshahara.” Mume alinyamaza, maana mshahara ulikuwa umekwisha.

Wala chakula hakikuwa gharama kubwa. Kupe walimletea homa, mkojo wake ukawa mwekundu. Kabla ya hapo, huko Geita, aliumwa na mbung'o, na jicho lake la kushoto likaingia ukungu wa samawati ambao haukutoka wote. Mtu asidhani kwamba hayo ni madogo. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o ulioongozwa na Swynnerton mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na Wasukuma walifyeka vichaka eneo kwa eneo ili mifugo yao ipate kuishi. Mbwa wa kienyeji huyastahimili kwa kiasi maradhi ya nchi yake; mgeni huyakuta hana kinga.

Basi katika kuhesabu dawa hizo zote, mlinzi aliacha kitu kimoja. Mwaka ule hakumpeleka Askari kuchanjwa kichaa cha mbwa. Alisema atampeleka baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno mtoto wa jirani aliingia uani kufuata mpira, akitokea upande wa jicho bovu. Askari alimng'ata mkono. Jambo lililofanywa vizuri siku hiyo lilifanywa na mke: aliuosha mkono ule kwa sabuni na maji yamwagikayo kwa robo saa, mtoto akilia, kisha akampeleka hospitali. Mlinzi aliuza mtamba kulipia sindano.

Vijana walikuja na marungu. Hasira yao ilikuwa ya haki, maana ugonjwa ule ukishaonyesha dalili zake kwa mtu, hapana tabibu awezaye kumrudisha. Lakini mganga wa mifugo alikataa mbwa asiuawe wala asifunguliwe. Afungwe siku 10 na kutazamwa: kama alikuwa na sumu hiyo mateni siku ile alipong'ata, hatazimaliza siku hizo bila kuugua au kufa.

Mlinzi aliweka kigoda chake mbali na urefu wa mnyororo, akakaa. Alisukuma maji kwa fimbo. Alitazama kama anayameza, kama ute unamtoka, kama sauti yake imebadilika. Usiku alitoka na taa. Mbwa aliyemtii kwa neno moja huko machimboni alimtazama kwa jicho moja zima na moja la ukungu, asielewe kosa lake, na yule bwana hakuthubutu kumgusa kichwa.

Siku ya kumi na moja mama wa mtoto alikuja. Alisimama akamtazama Askari akila.

“Mbwa wako amemaliza siku zake,” alisema. “Mwanangu bado hatoki nje kucheza.”

Mlinzi hakuwa na jibu. Mama alipokwisha kuondoka alichukua panga, akaenda kukata matawi ya minyaa, akifumba macho nusu kwa kuogopa utomvu, akaanza kuyapanda moja moja katika mapengo ya ua.