Kidaka na Ngao: Shauri la Masomo ya Juu

Wahenga walinena, mwenye macho haambiwi tazama. Walakini mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, auamuru moyo wake utazame, ijapokuwa magofu yako wazi mbele ya watu wote. Kwa nini kumwamuru mwenye macho? Swali hili ndilo tulilolichagua liwe mlango wa utafiti wetu wa shahada ya juu katika fasihi linganishi. Twapenda kuwaeleza wasomaji shauri letu, maana huenda wako walimu wengine waikusudiao njia iyo hiyo.

Yafaa kwanza kupambanua maneno. Kuona kwa mwili ni jambo moja. Namna watu wa mahali fulani walivyofundishwa kuona ni jambo la pili. Mwaka 1988, huko Marekani, Hal Foster alihariri kitabu cha insha juu ya upambanuzi huo, na wataalamu wengi wameufuata. Basi sisi twauliza hivi: neno, lisilo na rangi wala umbo, lawezaje kumwonyesha msomaji kitu?

Mashahidi wetu ni wawili. Wa kwanza ni Homer, Myunani wa kale. Katika kitabu cha 18 cha Iliad, Hephaestus amfulia Achilles ngao, na juu yake atia nchi na mbingu, tena miji miwili, mmoja una arusi na mmoja una vita. Mwaka 1766 Mjerumani Lessing, katika kitabu chake Laokoon, alifundisha kwamba picha ni kazi ya mahali, na ushairi ni kazi ya wakati. Ndiyo sababu Homer hatuonyeshi ngao iliyokwisha, bali ngao inayofuliwa. Shahidi wa pili ni huyo mshairi wa Pate. Yeye haonyeshi kitu kikifanyizwa, bali kilichokwisha kuharibika. Katika zidaka za kuta, palipopangwa sahani za kichina, sasa walala makinda ya ndege; na katika majumba yaliyong'aa taa, sasa waning'inia popo.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Mchoraji akikichora kidaka kile, hana budi kuchagua: ama sahani, ama makinda. Mshairi aweza kuviweka vyote viwili mahali pamoja, jicho likaona ndege na moyo ukaona sahani. Basi neno la Lessing lathibitika, tena laongezewa: wakati wa ushairi si wa kutenda tu, bali ni wa kukumbuka pia. Na moyo huamriwa kutazama kwa kuwa jicho, likiachwa peke yake, litaona popo tu.

Liko neno linalotutia wasiwasi. Mara nyingi katika kulinganisha, kazi ya Ulaya hutoa kanuni, na kazi ya Afrika hutoa mfano, kama mtumishi aletaye maji mezani asiketi. Mpango wetu ukienda hivyo, tutakuwa tumetumia miaka yetu na fedha ya jamaa zetu kuthibitisha yaliyokwisha kuthibitishwa. Kwa hiyo tumeazimia mambo matatu. Kwanza, tushike kazi mbili tu, kila moja iihoji mwenziwe. Pili, tujifunze Kiyunani mapema, na Al-Inkishafi tuusome katika hati za Kiarabu na lahaja yake ya kaskazini, tukilinganisha na chapa aliyoitoa Hichens mwaka 1939. Tatu, twende Pate tukazitazame kuta kabla ya kuandika sura ya kwanza. Walakini tusidhani kwamba gofu la leo ndilo lile alilolitazama mshairi.

Walimu wenzetu, atakaye masomo ya juu asianze na jina kubwa la nadharia. Na aanze na kitu kimoja alichokiona katika maneno asiweze kukieleza. Akiandike kwa mistari miwili, ampe jirani asiye msomi. Jirani akilifahamu swali, basi mpango umepata msingi. Asipolifahamu, ni heri kuandika upya nyumbani, ambako karatasi ni rahisi, kuliko ugenini, ambako kila mwezi una gharama yake.